Mwalimu Twiga Anaagwa kwa Mara ya Pili

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane Novemba, Mwalimu Twiga anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha darasa la awali katika shule yetu. Msomaji mwenye kumbukumbu nzuri atasema, mbona haya tuliyasoma mwaka jana. Ni kweli. Mwaka jana kijarida hiki kilimuaga kwa miaka thelathini na miwili. Tulimpigia makofi, tukampa blanketi na saa ya ukutani, akashukuru kwa sauti ya kukatikakatika, na siku ya kufungua shule akaonekana mlangoni pake kama kawaida, amepiga magoti, anamfunga mtoto kamba za viatu.

Aliyeandika wasifu ule ni naibu wa mwalimu mkuu, ambaye sote tunamwita Mama Utaratibu, naye hachukii. Alipoombwa aandike tena alisema maneno mazuri aliyokuwa nayo kuhusu yule mzee aliyatumia yote mwaka jana na hakurudishiwa hata moja. Ndiyo kazi ikaniangukia mimi, msaidizi wa darasa la awali, ninayeosha vikombe, ninayefuta makamasi na kuimba nyimbo ambazo sasa naziota. Sikusoma sana. Nikikosea, anayesoma anivumilie, asonge mbele.

Tena sijui niandike kwa uso gani. Watu wakiagana mara moja wanalia na yanaisha. Wakiagana mara ya pili, mmoja analia, mwingine anacheka, wa tatu anauliza kama blanketi litarudishwa. Nitaeleza tu nilivyoona na nilivyoelewa, ingawa kuna sehemu mpaka leo zinanichanganya.

Mwalimu Twiga alikuja hapa kijana, mrefu kuliko mlango, kufundisha hesabu madarasa ya juu. Mwalimu wa awali alikuwa amejifungua, kwa hiyo akaambiwa alishike darasa hilo wiki moja tu. Wanaoikumbuka siku ile wanasema aliinama kupita mlangoni, watoto wakamtazama kuanzia miguuni wakapanda, wakapanda, na walipofika usoni darasa zima lilianza kulia kwa pamoja. Akaona ajifupishe. Akakalia kiti cha mtoto, kiti kikavunjika, akaanguka chali, na kilio kikageuka kicheko. Wiki ile moja haijaisha mpaka leo. Jina la Twiga alipewa na mtoto mmoja siku hiyohiyo, na mtoto huyo ndiye mwalimu mkuu wetu wa sasa, ambaye kikaoni hakai mpaka Mwalimu Twiga awe amekaa.

Ana kipaji kimoja ambacho watu wazima hawakipendi. Majina husahau, ila hasahau mtu alikuwa akililia nini. Anaweza kumkuta sokoni mwanamume mwenye ndevu zake, yuko na wakwe, akamshika mkono na kumuuliza kama sasa ameacha kulilia kijiko cha bluu. Mwenye ndevu anatazama chini. Wakwe wanataka kujua habari ya kijiko.

Mafanikio yake mengine Mama Utaratibu aliyaandika vizuri mwaka jana, sitayarudia. Mimi nitaandika lile kubwa, la kuongeza nafasi za awali, kwa sababu ndilo lililomfanya aagwe mara mbili.

Zamani nyuma ya shule yetu kulikuwa na uwanja mtupu ambako watu walifundishana kuendesha baiskeli. Kisha zikaja gorofa. Ikaja moja, ikaja ya pili, na kabla hatujazizoea zikawa mtaa mzima, na karibu kila dirisha limeanikwa nguo za mtoto mdogo. Shule ilikuwa na chumba kimoja cha awali, kile cha mwisho karibu na bomba la maji, na viti vyake thelathini. Watoto wakazidi viti, kisha wakazidi chumba chenyewe. Asubuhi ya kuandikisha, foleni ilitoka getini ikapinda kona.

Nami nilikuwa kwenye foleni hiyo, mwanangu nimembeba mgongoni ingawa alishakuwa mkubwa wa kutembea, maana nilitaka aonekane. Mwalimu Twiga alitoka akasema chumba kimejaa. Alisema akimtazama mtoto, si mimi, kama mtu anayemwomba radhi mwenye nyumba. Kesho yake nilirudi, akasema vilevile. Nikarudi tena, kwa sababu sikujua pa kwenda. Shule nyingine iko ng'ambo ya barabara kuu, na mtoto wa umri ule huwezi kumvusha kwenye magari yale huku unakimbilia kibarua. Shangazi mmoja aliyekuwa na watoto wa kaka yake alimuuliza Mwalimu mbele ya watu wote kama urefu ule wote alipewa wa kuchungulia shida za wenzake tu. Watu walicheka. Yeye pia alicheka kidogo, akaingia ndani, na chai yake ya saa nne ikapoa bila kuguswa.

Siku hiyo alikwenda kwa mwalimu mkuu. Ofisi ya elimu ilikuwa imeagiza nafasi za awali ziongezwe kwa sababu ya gorofa zile. Nafasi iliziagiza, chumba cha kuziweka haikukiagiza. Mwalimu Twiga akasema chumba kipo, ni kilekile, maana kila ikifika mchana kinabaki kitupu. Waje watoto thelathini asubuhi, na thelathini wengine mchana. Mwalimu mkuu akauliza nani atafundisha asubuhi. Akajibu ni yeye. Akaulizwa nani atafundisha mchana. Akajibu ni yeye. Mama Utaratibu, aliyekuwepo, akauliza ni nani atakayekula chakula cha mchana. Hilo alisema watalitazama baadaye.

Hivyo ndivyo mwanangu alivyopata nafasi, zamu ya mchana. Mwalimu alihitaji mtu wa kumsaidia akanichagua mimi, nadhani kwa sababu nilikuwa bado nimesimama pale getini.

Zamu zile zilituchanganya wote. Kila kiti kilikuwa na picha mgongoni, ya kitambaa, iliyoshonwa na mke wa Mwalimu Twiga ambaye ni fundi cherehani: samaki, jua, kikombe, mwavuli, ufunguo. Mtoto wa awali hajui kusoma jina lake lakini picha yake anaijua. Ila sasa kila picha ilikuwa na watoto wawili. Kulikuwa na samaki wa asubuhi na samaki wa mchana, nao hawakuwahi kuonana. Mwanangu alikuwa mwavuli wa mchana. Wiki ya kwanza alikuja nyumbani amekasirika, ananiambia kuna mtu anakalia kiti chake akiwa hayupo, na kiti anakikuta kina joto.

Kisha watoto wakaanza kuachiana vitu. Sijui nani alianza. Mwanangu alikuta nusu ya biskuti imewekwa vizuri chini ya kiti. Kesho yake akaacha kizibo cha chupa. Akaachiwa jani, akaacha ganda la yai. Baada ya muda kila kiti kikawa na biashara yake. Wakaanza na kutumana salamu, na aliyetumwa ni Mwalimu Twiga, kwa kuwa ndiye pekee aliyeziona zamu zote. Asubuhi kikombe anamwomba amwambie mwenzake wa mchana asibandue picha. Mchana anapeleka ujumbe, anarudi na jibu kwamba picha haibanduliwi, inakwaruzwa tu. Kwa kuwa majina hayakai kichwani mwake, mara nyingi ugomvi wa kikombe aliupeleka kwa ufunguo. Ufunguo, ambaye hakuwa na kosa lolote, alilia mpaka akapewa maji. Mama Utaratibu alisema shule sasa ina posta, na posta yenyewe imelewa.

Ikaja habari kwamba mkaguzi wa elimu atakuja kuangalia zamu hizo. Kwa kanuni, kila mtoto wa awali awe na kiti chake, na zamu zisikutane chumbani. Maneno yakaenea gorofani kwamba anakuja kuifunga zamu ya mchana, na watoto thelathini warudi nyumbani wasubiri mwaka mwingine. Wazazi walinizuia njiani kuniuliza, utadhani mimi ndiye ofisi. Nami nilikuwa naulizwa jambo ambalo mimi mwenyewe lilikuwa linaninyima usingizi. Mwanangu tayari alikuwa anajua kushika penseli. Ningemwambia nini, kwamba aiweke chini?

Mwalimu Twiga alitaka mkaguzi akute kila kitu kimenyooka. Kwa hiyo wazazi wa mchana aliwaomba siku hiyo wawalete watoto mapema kidogo, wakae watulie. Wazazi wa asubuhi aliwaomba wachelewe kidogo kuwachukua, ili mkaguzi awaone wakiimba. Mama Utaratibu alimshauri aandike saa hizo ubaoni. Akasema hakuna haja, anazo kichwani. Na kweli alikuwa nazo kichwani, ila hazikuwa zimekutanishwa.

Basi siku ikafika. Mkaguzi alikuwa mama mmoja mtulivu, mwenye viatu visivyotoa sauti. Alisimama karibu na dirisha akiwasikiliza watoto wa asubuhi wakiimba, anatikisa kichwa vizuri tu, na mimi moyo ukaanza kushuka mahali pake. Ndipo mlango ukafunguliwa. Wakaingia watoto wa mchana, wamechanwa nywele, wamepakwa mafuta yanang'aa, na kila mmoja kama alivyozoea akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake. Akakuta mtu.

Wimbo ulikatika. Watoto wakatazamana. Mwalimu Twiga alikuwa amenyanyua mikono ya kuongoza wimbo na hakuishusha. Mama Utaratibu alifumba macho. Mimi nilikuwa na jagi la maji mkononi, nikayamimina kwenye kikombe kilichokwisha kujaa.

Mwanangu alikuwa amesimama mbele ya mtoto mmoja wa kiume mwenye pengo, aliyekalia mwavuli. Wakachunguzana. Mwanangu akamuuliza, "Wewe ndiye wa biskuti?" Yule akakubali kwa kichwa, akasogea pembeni, akapigapiga nusu ya kiti kwa mkono kumkaribisha. Wakakaa wawili. Samaki naye akasogea. Jua akasogea. Chumba kizima kikawa kinasogea, wawiliwawili, tako moja ndani, jingine nje, wanaonyeshana vizibo. Mtoto mmoja tu ndiye aliyelia, ufunguo wa asubuhi, kwa sababu mwenzake siku hiyo alikuwa na homa na hakuja, akabaki na kiti kizima peke yake.

Mkaguzi akauliza hii ni zamu ipi.

Mtu mwingine angetafuta uongo, na nafasi ya kusema uongo ilikuwepo, kwa mfano kwamba ni sherehe. Mwalimu Twiga alishusha mikono. Akasema, "Hawa wote ni wangu, mama. Nionyeshe wa kumtoa, nimtoe."

Mkaguzi hakuonyesha. Alitafuta mahali pa kukaa, hapakuwepo, akakaa sakafuni na viatu vyake vile. Alikaa tukaogopa. Baadaye alisimama, akajipangusa sketi, akaaga kwa heshima, akaondoka, na hatukujua kama tumefungwa au tumebarikiwa. Mama Utaratibu alisema tumefungwa. Mlinzi wa geti, aliyemwona akitoka, alisema alikuwa anatabasamu. Mama Utaratibu akamuuliza mlinzi tangu lini anajua kusoma nyuso, wakati za wezi hazisomi.

Jibu lilikuja kwa mwalimu mkuu, akalisema kikaoni nusu, na nusu nyingine akabaki nayo. Nusu tuliyosikia ni kwamba zamu ya mchana inaendelea. Tulishangilia. Nusu ya pili niliijua baadaye sana: iendelee muda wote Mwalimu Twiga awepo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekubali mzigo ule. Akiondoka, shule iwe na chumba cha pili cha awali na mwalimu wa pili, la sivyo zamu ya mchana inafungwa siku hiyohiyo.

Sasa mwaka jana umri wake wa kustaafu ulifika. Ofisi iliahidi mwalimu mpya angekuwa amefika siku ya kufungua. Kwa ahadi hiyo tulimuaga, na mkewe akahamishia cherehani ukumbini ili hatimaye apate wa kuongea naye mchana. Siku ya kufungua, mkewe aliamka akakuta upande wa pili wa kitanda umetandikwa. Mwalimu mpya hakufika. Mwalimu Twiga alikuwa amepiga simu ofisini kila siku ya likizo, kwa siri, na alishajua.

Kwetu sisi ilikuwa vurugu. Mlinzi alimzuia getini, akamwambia wageni wajiandikishe kwanza. Akajiandikisha. Sehemu ya sababu ya kuja aliandika "nimesahau kitu". Walimu hawakujua wamsalimie kama mwenzao au kama mgeni. Mmoja alimpa pole, mwingine hongera. Mimi nilimpa kikombe cha chai na nikakaa kumtazama, sielewi. Nilidhani nyumbani wamegombana. Nilidhani anaumwa. Nilidhani hajui kwamba ameagwa. Niliogopa kumuuliza, maana kama angesema amekosea siku na kuondoka, mchana ule ningewaambia nini watoto wa zamu waliokuwa wameshaanza kufika? Jibu nililipata kwa mkewe, aliyekuja saa sita na chakula kwenye chombo, akanieleza yote akiwa amesimama, kwa hasira na kwa fahari, sikujua ipi ni ipi.

Alikaa mwaka mzima hivyo. Mstaafu asiyestaafu. Na ndani ya mwaka huo alitafuta chumba cha pili, akakipata mahali ambapo hakuna aliyetaka kukitafuta: ofisi ya walimu.

Hapo ndipo Mama Utaratibu alipokasirika kweli. Aliuliza kikaoni walimu watasahihishia wapi madaftari, juu ya vichwa vyao? Mwalimu Twiga akajibu kwamba yeye amekalia viti visivyomtosha zaidi ya miaka thelathini na hajafa. Ubishi ulienda na kurudi. Mwishowe mwalimu mkuu akasema ofisi ihamie barazani. Meza zikatolewa. Upepo ukawa unachukua karatasi, walimu wakaanza kuokota mawe ya kuzikandamizia, na jiwe zuri likawa mali ya mtu, huazimwi hivihivi. Mama Utaratibu hakuongea na Mwalimu Twiga muhula mzima. Akiwa na neno, ananiambia mimi nimfikishie, na Mwalimu yuko palepale, tunagusana viwiko. Mimi nageuka nalisema. Yeye anajibu kwangu. Nageuka tena. Siku moja nilisahau ni nani ameniambia nini, wakabaki wananisubiri wote wawili.

Chumba kikapatikana, viti vikachongwa, bado mwalimu. Ofisi ya elimu hatimaye ilimleta kijana mmoja nadhifu. Alisimama mlangoni akawatazama watoto, wakamtazama. Mmoja alimtapikia kiatu. Akaomba ruhusa aende kuchukua mizigo yake kituoni, na mizigo hiyo lazima ilikuwa mingi sana, maana mpaka leo hajarudi.

Muhula wa mwisho ukaanza. Kwa sheria Mwalimu Twiga asingeweza kuongezewa mwaka mwingine, na mwaka huu ofisi ilisema wazi. Akiondoka bila mwalimu wa pili, chumba kipya kinafungwa na kufuli lake jipya. Alianza kukonda. Nyimbo alikuwa anaimba zilezile, ila alizisahau katikati, watoto wakawa wanamalizia.

Lililotokea baadaye sijalielewa vizuri, na nimewauliza wengi, nao hawakulielewa. Kabati la Mama Utaratibu lilikuwa zito mno, lilibaki ndani ya ile ofisi ya zamani, ambako watoto wa mchana walikuwa wameanza kusubiria zamu yao. Kila siku aliingia mle kuchukua kitu chake na kutoka amenuna. Mtoto mmoja akamnyooshea mguu amfunge kiatu. Akamfunga. Kesho yake walikuwa watatu wamepanga mstari, naye akawarekebisha mstari. Akaanza kuingia bila kuchukua kitu kabatini. Nikamkuta siku moja amekaa chini, na sketi yake iliyopigwa pasi, watoto wamemzunguka kimya kabisa, anawafundisha kukunja sweta. Aliponiona alisimama akasema anatafuta funguo.

Kikao cha mwezi uliopita mwalimu mkuu alipofika kwenye habari ya awali alisimama, hakujua aanzie wapi. Mama Utaratibu alikuwa anasahihisha. Hakuinua kichwa. Akasema, "Nitawachukua mimi. Lakini kwa utaratibu."

Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu hakuna aliyeamini kama amesikia. Mwalimu Twiga alimwomba arudie. Akarudia, na mara hii alimwambia yeye mwenyewe, si kupitia kwangu. Ningesema alifurahi. Uso wake haukusema hivyo. Alikaa kama mtu aliyebebewa mzigo katikati ya njia bila kuomba, mikono bado imekunjwa kushika. Kisha akaanza kutafuta kasoro. Akauliza kama anajua kuna mtoto asiyekunywa maji kwenye kikombe cha chuma. Mama Utaratibu akasema anajua. Akauliza kuhusu anayeogopa bomba. Anamjua pia. Akauliza mengine, akajibiwa yote, mpaka maswali yakamwishia, akatoka barazani akasimama kwenye upepo. Nilimfuata na chai. Aliniuliza kama mimi nadhani yule mama ataweza. Nikamwambia ataweza. Akanijibu kwamba hilo ndilo linalomsumbua, halafu akacheka, halafu akafuta macho, nami nikabaki na kikombe, sijui nimpe sasa au nisubiri.

Jumanne iliyopita tuliandikisha watoto wa mwaka ujao. Vyumba viwili, wote asubuhi, kila mtoto kiti chake. Foleni ilikuwepo lakini ilikuwa inasogea. Mwalimu Twiga alipiga magoti mlangoni akamshika mkono kila aliyeingia, na Mama Utaratibu alisimama mlango wa pili akiwanyoosha kola. Watoto wakaingia, wakaingia, wazazi wakatoka. Ndani ya chumba cha pili vilibaki viti vinne.

Mwalimu Twiga alivitazama. Akavihesabu kwa kidole. Akaniuliza kama kuna waliotumwa nyumbani kwa makosa. Nikasema hakuna. Akamuuliza Mama Utaratibu, akasema hakuna, wote wameingia. Hakuridhika. Alitoka mpaka getini, akampita mlinzi, akasimama katikati ya njia na urefu wake wote, anatazama upande wa gorofani, kisha upande wa barabara kuu, mkono juu ya macho. Alisimama muda mrefu. Mwanangu, ambaye sasa yuko darasa la pili na anajifanya mkubwa, alimfuata akamuuliza anamtafuta nani. Alisema hajui. Alisema ni kwamba hajawahi kuona kiti kikisubiri mtoto.

Mwalimu wetu, kwa niaba ya walimu walioko barazani na mawe yao, ya wazazi wa gorofani pamoja na yule shangazi, ya watoto wa asubuhi na wa mchana, tunakushukuru. Wengine tulikuja hapa tumebeba mtoto na hatujui tutamshusha wapi, ukatupatia pa kumshusha. Hatujui tutaanzaje asubuhi bila wewe mlangoni, lakini tutaanza. Nenda ukapumzike karibu na cherehani, umsikilize mama, ule kabla chakula hakijapoa. Uwe na afya na miaka mingi ya utulivu. Na vile viti vinne usiviwazie sana. Juzi jioni ameshakuja mmoja.